Kung'arisha Janti za Motokari Nyumbani bila Kuumiza Mapafu

Siku ya Jumamosi asubuhi, katika mitaa ya Likasi, jambo hili huonekana mara nyingi. Motokari imesimama mbele ya nyumba, upande mmoja umeinuliwa juu ya mawe. Kijana amechuchumaa kando ya gurudumu, ana kipande cha msasa mkononi, anasugua kwa nguvu. Mchana motokari hiyo itabeba maharusi, au itarudi kwenye kazi ya teksi, naye anataka janti zake zing'ae kama kioo. Vumbi la kijivu limejaa kwenye nyusi zake. Watoto wawili wanamtazama, na mdogo wao anatambaa chini akiokota vitu vidogo. Mama wa nyumba ameanika nguo kwenye kamba, hatua tano tu kutoka hapo.

Kazi ya kijana huyu si mbaya. Janti iliyosafishwa hukaa muda mrefu, na mtu anayeisugua kwa mkono huona ufa ambao dereva mwingine hauoni mpaka siku ya ajali. Tena si kila mtu ana fedha za kumlipa fundi mwenye mashine. Lakini tazama tena picha ile. Ndani yake kuna mambo matano au sita yanayoweza kumleta mtu lopitali, na mengine huja taratibu baada ya miaka mingi, wakati mtu amesahau kabisa asili yake. Dawa ya mengi kati ya hayo ni ndoo ya maji, na ndoo ya maji ni rahisi kuliko mashine.

Kwanza ujue janti yako ni ya nini

Janti ni gurudumu lenyewe, ile sehemu ngumu inayoshika mpira. Zamani karibu zote zilikuwa za chuma. Malori yalianza kupata janti za alumini mwaka 1948, zilipotengenezwa na kampuni ya Alcoa ya Marekani, na leo malori mengi yanayopita barabara ya Lubumbashi yanazo. Motokari ndogo zilizotumika ambazo huletwa kutoka Japani kwa meli nazo mara nyingi huja na janti za alumini.

Chukua sumaku ndogo, hata ile ya redio iliyovunjika. Igusishe kwenye janti. Ikinata, janti ni ya chuma, na maneno ya kung'arisha yaliyo katika kurasa hizi si yake. Janti ya chuma hupakwa rangi. Rangi za zamani, na baadhi ya zile zinazouzwa hata leo, zina risasi ndani yake. Usiikwangue ikiwa kavu, wala usiichome kwa moto.

Sumaku isiponata, huenda ni alumini. Lakini angalia kama juu yake kuna utando mgumu unaong'aa sana na kubanduka vipande vyembamba kama wembe. Hiyo ni kromi. Kromi haitengenezwi kwa msasa. Utajikata vidole, utavuta vumbi lake, na mwisho janti itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Iache.

Kwa nini alumini hufifia? Alumini ikikutana na hewa hujifunika ngozi nyembamba sana, ngumu, isiyoonekana. Ngozi hii huilinda. Kiwandani huongeza juu yake rangi isiyo na rangi, kama vanishi. Jiwe dogo la barabarani likipiga vanishi hiyo, maji hupenya chini yake, na baada ya miezi utaona mistari myeupe kama njia za minyoo. Huku kwetu matope mekundu ya masika hukaa kwenye janti tangu Novemba hadi Machi na kuongeza ubaya. Asidi nayo huila alumini. Likasi imezoea asidi tangu kiwanda cha Shituru kilipoanza kusafisha shaba mwaka 1929, na malori huibeba barabarani. Basi dereva wa Likasi asione ajabu janti zake zikifa mapema.

Vumbi huingia namna gani?

Pua ina vinyweleo na ute. Vumbi kubwa hukamatwa humo, ndiyo maana baada ya kazi ukipenga kamasi huwa nyeusi. Watu huona kamasi hiyo na kufurahi, wanasema, "Uchafu umetoka." Uliotoka ni ule mkubwa. Vumbi dogo zaidi, ambalo jicho halilioni likiwa moja moja, hupita pua, hupita koo, hushuka mpaka kwenye vifuko vidogo vya mapafu ambamo hewa huingia katika damu. Punje inayofika huko ni ndogo mara kumi au zaidi kuliko unene wa unywele. Huko hakuna vinyweleo vya kuifagia. Hubaki, na mwili huijengea kovu. Kovu likizidi, pafu huwa gumu kama sponji iliyokauka, na mtu hupumua kwa shida akipanda kilima kidogo tu.

Mtu mmoja atauliza: "Je, alumini si ile ile ya sufuria ambayo mama anapikia kila siku?" Ni ile ile. Lakini tumbo na pafu ni milango miwili tofauti. Alumini unayomeza na chakula karibu yote hutoka na choo, na kidogo sana huingia katika damu. Vumbi la alumini linaloingia katika pafu halina choo cha kutokea.

Kuna habari ya kweli kutoka Kanada inayowahusu watu wa migodi kama sisi. Katika jimbo la Ontario, tangu mwaka 1943 mpaka 1979, wachimbaji walivutishwa unga wa alumini katika chumba cha kubadilishia nguo kabla ya kushuka chini. Wakubwa wao walidhani kwamba unga huo utalinda mapafu yasiharibiwe na vumbi la mawe. Haukuyalinda. Miaka mingi baadaye ilionekana kwamba ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka mikono na kukaza viungo, umewapata wachimbaji hao zaidi ya watu wengine, na mwaka 2022 Ontario iliuweka katika hesabu ya magonjwa ya kazi kwao. Wewe unayesugua janti nne kwa mwaka hutavuta kiasi kile. Lakini kijana anayefanya kazi hii kila siku pembeni mwa barabara, akiwa mdomo wazi, na afikiri.

Jambo la pili ni vumbi la mchanga. Mafundi wengine husafisha janti kwa kupulizia mchanga wa mtoni kwa kompresa. Kazi huisha upesi na janti hutoka safi. Mchanga ule unapopigwa kwa nguvu huvunjika na kuwa unga wa jiwe, na unga huo ndio ule ule unaowapa wachimbaji ugonjwa wa mapafu. Uingereza ilikataza mchanga wa namna hiyo katika kusafisha vyuma viwandani kwa sheria ya mwaka 1949. Mapafu yenye unga wa jiwe pia hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Katika nyumba nyingi za Likasi yupo baba au babu aliyefanya kazi mgodini. Mzee huyo asikae karibu na vumbi la aina yoyote, na yeyote anayekohoa zaidi ya juma mbili na apeleke makohozi yapimwe.

Tatu, vumbi la breki. Lile jeusi lililoganda nyuma ya janti limetoka kwenye breki, na breki za aina nyingine, hasa za zamani na za bei ndogo, zina amianti. Amianti ni nyuzi za jiwe ambazo huleta saratani ya mapafu baada ya miaka ishirini au zaidi. Kwa hiyo usipulize vumbi hilo kwa mdomo, wala kwa kompresa, wala usilifagie likiwa kavu. Limwagie maji.

Mapafu ya mvuta sigara yameharibika vinyweleo vyake tayari, na vumbi hukaa ndani zaidi. Ninaona vijana wengi wakishika msasa mkono huu na sigara mkono ule. Huko ni kujipiga mara mbili.

Namna ya kufanya kazi kwa maji

Chagua kivuli nje ya nyumba, mahali ambapo upepo hauendi jikoni wala kwenye nguo zilizoanikwa. Mwambie mama mapema, ili asianike upande huo. Watoto wakae mbali, na mdogo anayetambaa afungwe mgongoni au aingizwe ndani.

Ondoa janti kwenye motokari. Inua motokari kwa kriki mahali palipo sawa, zuia magurudumu mengine kwa mawe, kisha weka chini ya motokari gogo gumu, au janti ya akiba iliyolazwa. Tofali la kuchoma halifai, maana hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Kriki ni ya kuinulia tu. Usimruhusu mtu kuingiza hata mkono chini ya motokari iliyosimama juu ya kriki peke yake. Fanya janti moja, irudishe, ndipo ushike nyingine.

Sasa osha kwa maji na sabuni ya kufulia, mbele na nyuma, mpaka maji yatoke safi. Ukiona kipande kidogo kizito cha kijivu kimebanwa kwenye ukingo au kimenata ndani, hicho ni uzito wa kusawazisha gurudumu, na mara nyingi ni risasi. Usikisugue. Kikianguka, kiokote na ukiweke juu, mbali na watoto. Mtoto anayetambaa huweka mdomoni kila anachookota, na risasi huharibu akili yake. Hakuna kiasi cha risasi katika damu ya mtoto ambacho Shirika la Afya Duniani linakiita salama. Yule mdogo wa mwanzo wa habari yetu alikuwa akiokota nini pale chini?

Misasa iko ya aina nyingi. Ile ya rangi ya kahawia au ya manjano ya maseremala huoza katika maji. Omba nyeusi, ya kutumia na maji. Nyuma yake imeandikwa namba, na namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi. Aliye na fedha hununua 320, 400, 600, 800, 1000, 1500 na 2000. Asiye nazo atumie 400, 800 na 1500, awe mvumilivu zaidi, inatosha. Kata kila karatasi vipande vinne. Viloweke katika ndoo ya maji yenye sabuni kidogo kwa muda wa robo saa.

Anza na namba ndogo. Sugua kwa mkono, polepole, na uchovye msasa katika maji kila mara. Janti isikauke hata mara moja. Ikikauka, unatengeneza vumbi. Ikiwa na maji, unatengeneza uji wa kijivu, na uji hauruki kwenda puani. Vanishi ya zamani ikiwa bado ipo utaona uji mweupe kama maziwa. Ikiisha, uji hugeuka kijivu cha giza. Hapo umefika kwenye alumini yenyewe. Usihamie namba ya pili mpaka alama zote za kutu nyeupe zimeondoka. Hapa ndipo watu wengi hukosa. Wana haraka, wanaacha alama ndogo, halafu wanashangaa kuiona imebaki pale pale baada ya kung'arisha.

Ukihamia namba mpya, geuza njia ya mkono. Kama ulisugua kwa urefu, sasa sugua kwa mapana. Mistari ya zamani ikifutika yote, umemaliza namba hiyo. Suuza janti na ubadilishe maji ya ndoo, maana punje moja nzito iliyobaki itakwaruza kazi yote. Lita kumi zinatosha kwa namba moja au mbili, kwa hiyo hata siku ambazo bomba halitoi maji unaweza kufanya kazi hii kwa madumu yaliyowekwa akiba. Haihitaji umeme. Umeme ukikatika mtaani, mwenye mashine hukaa bure, wewe unaendelea.

Usisugue mahali pawili: ule ukingo wa ndani ambapo mpira unakaa, kwa kuwa hewa itavuja, na matundu ya boloti, kwa kuwa boloti haitakaa sawa.

Baada ya msasa wa mwisho janti itakuwa laini lakini imefifia kama kioo chenye mvuke. Ikaushe. Chukua dawa ya kung'arishia metali, kiasi cha punje ya haragwe, kwenye kitambaa cha pamba, na usugue kwa duara ndogo. Kitambaa kitakuwa cheusi sana. Usiogope, ndiyo ishara kwamba kazi inakwenda. Endelea, kisha futa kwa kitambaa kingine safi, rudia mara mbili au tatu. Wengine hutumia dawa ya meno. Inafaa kidogo kwa kung'arisha, haiondoi alama. Mwishoni paka nta ya motokari, maana alumini iliyo uchi hufifia tena, na katika masika haitachukua muda mrefu.

Janti moja kwa mkono ni kazi ya nusu siku au siku nzima. Usimwahidi bwana harusi janti nne kwa asubuhi moja. Fanya moja kila Jumamosi, na mwezi ukiisha zote ni tayari. Vaa glavu za mpira zile za kuoshea vyombo, kwani maji na msasa huchubua ngozi, na uji mweusi huingia katika michubuko.

Na kashne? Ukifanya kwa maji huihitaji. Ukilazimika kusugua kidogo mahali pakavu, kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi dogo. Inafaa ile barakoa ngumu iliyoandikwa FFP2 au N95, iliyobana vizuri mashavuni.

Mashine na moto

Kuna njia ya hatari ambayo imeenea kwa sababu haina gharama. Watu huinua motokari upande wa magurudumu yanayovutwa na mota, huwasha mota, hutia vitesi, na gurudumu linapozunguka hushika msasa juu yake. Mkono ukiteleza, vidole huingia kati ya mikono ya janti na breki, navyo havirudi. Motokari ikitetemeka huanguka kwenye kriki na kuruka mbele ikiwa na mwendo. Tena gurudumu moja likiinuliwa peke yake huzunguka mara mbili ya mwendo ambao saa ya dereva inaonyesha, na mpira mkuukuu huweza kupasuka. Katika njia zote za kazi hii, hii ndiyo ninayoikataza kabisa bila masharti.

Mwenye mashine ya umeme ya kuzungusha kitambaa au msasa avae miwani ya kufunika macho yote, afunge mikono ya shati, avue saa na mkufu, asivae glavu za kitambaa kwa kuwa zikinaswa huvuta mkono mzima. Na ajue kwamba mashine hutoa vumbi kavu, jingi, dogo sana, tena lenye tabia ambayo watu hawaitegemei kwa metali: linawaka.

Kipande cha alumini hakiwaki moto kwa kiberiti. Lakini unga wake, ukitawanyika hewani katika chumba kilichofungwa, hulipuka kama baruti. Tarehe 2 Agosti 2014, katika mji wa Kunshan, China, kiwanda kimoja kilichokuwa kinang'arisha janti za alumini za motokari kililipuka asubuhi watu wakiwa kazini. Siku ile walikufa watu 75, na baadaye, pamoja na waliokufa kwa majeraha ya moto, hesabu ilifika 146. Walikuwa wakifanya kazi hii hii unayoifanya wewe. Vumbi lilikuwa limejaa katika mabomba na sakafuni bila kuondolewa. Pipa la kukusanyia vumbi lilikuwa na tundu la kutu, unyevu ukaingia, unga ukapata joto wenyewe ndani yake mpaka ukawaka.

Mtu atasema, "Basi maji ni hatari, nawe unatuambia tutumie maji!" Tofauti ni hii. Unyevu kidogo katika rundo la unga mkavu lililofungwa huzaa joto na hewa inayowaka, na vyote viwili havina mahali pa kutokea. Maji mengi katika ndoo iliyo wazi hupoza, na hewa hiyo hutawanyika. Kwa hiyo uji wako wa kijivu usiufungie katika kopo au chupa yenye kifuniko. Uache utulie, mwaga maji ya juu kwenye shimo la takataka mbali na kisima na bustani, na tope la chini ulifukie humo humo likiwa bado limelowa.

Unga wa alumini ukiwaka, usimwagie maji, maana moto utaruka juu. Funika kwa mchanga mkavu, polepole, bila kuupuliza. Weka ndoo ya mchanga karibu kama unatumia mashine. Vitambaa vyenye dawa ya kung'arishia au esansi vitandazwe nje vikauke, visikunjwe kwenye kona ya nyumba. Na esansi yenyewe haifai kuoshea janti karibu na jiko la makaa. Jambo hilo halihitaji maelezo mengi. Wodi ya watu walioungua inalieleza.

Dawa kali ambazo watu hushauriana

Rafiki atakuja na kusema anajua njia ya mkato. Njia hizo ziko nne, na zote nimezisikia.

Ya kwanza ni asidi ya betri. Itakula alumini, itaacha madoa meusi, na itakula pia mikono yako.

Ya pili ni soda kali ya kutengenezea sabuni. Soda hii ikigusa alumini huchemka, hutoa moshi na hewa inayoweza kuwaka, na matone yake huruka machoni. Asidi huunguza jicho juu juu, lakini soda hupenya ndani na kulipofusha. Ikiingia machoni, usingoje hata dakika moja. Lala chini, mtu akushike kope wazi, mwingine amwage maji safi bila kukoma kwa nusu saa, ndipo mwende lopitali. Tena usiiweke kamwe katika chupa ya Fanta au ya maji. Mtoto akiinywa, koo lake huungua na kuziba. Usimtapishe, kwa kuwa itaunguza mara ya pili ikipanda. Msuuze mdomo na mlete upesi.

Ya tatu ni dawa ya kubandua rangi. Nyingine zina mvuke mtamu ambao ndani ya mwili hugeuka kuwa sumu ile ile ya moshi wa makaa. Katika chumba kilichofungwa mtu husinzia na kufa. Kama ni lazima, itumie nje, upepo ukiwa mgongoni kwako.

Ya nne ni maji ya kuoshea janti yanayouzwa katika chupa bila maandishi. Baadhi yana asidi ya floridi. Hiyo ina hila: mwanzo haiumi. Saa kadhaa baadaye kidole huuma kwa maumivu makubwa, nayo imekwisha kupenya mpaka mfupani. Osha kwa maji mengi, uje lopitali siku ile ile, na umwambie munganga ni dawa gani uliyoshika. Uilete chupa. Iko dawa yake ya kalisi, lakini hufaa ikiwahi.

Kipande cha metali kikiingia jichoni, usisugue, wala usimwite rafiki akitoe kwa ulimi au kwa njiti ya kiberiti. Suuza kwa maji safi. Kisipotoka, funika jicho bila kulibana, uje.

Baada ya kazi

Vua nguo za kazi nje, zilowekwe kwa ndoo yake, zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi za mtoto. Mama anayekung'uta nguo kavu za fundi huvuta vumbi lile lile bila kupata faida ya janti inayong'aa. Osha mikono na uso kabla ya kula au kumbeba mtoto.

Kabla ya kurudisha janti, igeuze kwenye jua, tazama polepole kuzunguka matundu ya boloti na mahali mikono inapoungana na duara. Mstari mwembamba mweusi ambao haufutiki kwa kitambaa ni ufa. Usiufute kwa msasa ili usionekane, wala usiiuze janti hiyo kwa mtu mwingine. Haifai barabarani tena, hata kama inang'aa.

Boloti zikazwe kwa kuvuka, moja ya juu kisha ya chini iliyo mkabala nayo, na zikazwe mwisho motokari ikiwa imekwisha kushuka chini. Nta na mafuta yasiguse mahali boloti inapokaa. Kisha baada ya kilomita hamsini hivi, yaani kabla hujafika nusu ya njia ya Lubumbashi, simama pembeni na uzikaze tena.